Pumzi ya Fidla ya Pili

Kroměříž, Februari. Mabomba ya joto ya ukumbi
yamekata tamaa tangu alasiri.
Watu arobaini na mmoja wameketi na makoti yao.
Sisi wanne, magauni na tai, tunajifanya hatuoni baridi,
lakini fidla haijui kujifanya:
kila nikikaza uzi, kigingi kinateleza
kama mtoto asiyetaka kuamshwa aende shule.

Drahomíra anapaka upinde wake sandarusi,
mara tatu, si nne, ndivyo alivyo.
Otakar amechomeka mguu wa chelo kwenye ufa wa ubao
anaoujua tangu mwaka aliooa.
Zbyněk, na viola yake gotini, ananitazama mimi.

Ni mimi tu ninayejua.
Vuli iliyopita, kwenye treni ya kutoka Brno,
nilikaa kushoto kwake, nikamwuliza saa. Nikamwuliza tena.
Aliendelea kutazama mashamba ya biti.
Tulipokuwa tunashuka ndipo akasema,
kwa sauti ya mtu anayelipa deni:
"Hili la kushoto limefunga duka."
Sikumwambia pole. Nilimshikia mlango.

Aliyeuandika muziki huu aliishi mwishoni mwa karne
ambayo kila kitu chake kilikuwa kikubwa mno:
kofia za wanawake, madeni ya wafalme, huzuni.
Kila ukurasa umejaa pomoni.
Wimbo haujakaa vizuri umeshahamia ufunguo mwingine,
mgeni anayebadilisha kiti mara tano
na kila kiti anaapa kuwa hiki ndicho.
Drahomíra yuko juu huko, anang'ara, anatokwa jasho katika baridi hii.
Mimi huku katikati nashona.
Fidla ya pili ni bitana ya koti:
hakuna anayeisifu
mpaka ichanike.

Kisha sehemu ya tatu, ile ya taratibu.
Viola peke yake, vipimo kumi na sita,
na chini yake chelo inadonolewa kwa kidole,
tone, kimya, tone,
kama maji yanayovuja jikoni usiku.
Na Otakar amekaa kushoto kwa Zbyněk,
upande wa duka lililofungwa.

Basi navuta pumzi.
Kwa pua, kwa nguvu, kabla ya kila tone.
Kidole cha Otakar kinagusa uzi,
upinde wa Zbyněk unashuka papo hapo.
Pumzi. Tone. Upinde.
Bega langu la kushoto linapanda na kushuka kama pampu ya kisima.
Kipimo cha tisa alichelewa, unywele mmoja,
Drahomíra akainua nyusi,
kisha akazishusha polepole mno.
Labda anajua.
Labda Otakar naye anajua, ndiyo maana anadonoa kwa mkono mpana,
wa kuonekana,
na kila mmoja wetu ameikumbatia siri ileile
akidhani yuko peke yake nayo.

Sijui viola iliwahi kulia vile.
Mwanamke wa safu ya pili aliacha kuhangaika na karatasi ya pipi,
akabaki nayo mkononi, nusu wazi.

Baadaye, divai ya moto katika vikombe vya chai.
Bwana Vavřinec, daktari wa meno mstaafu,
akanishika kiwiko: "Vizuri, vizuri sana.
Ila wewe, binti" (nina miaka hamsini na minane)
"unapumua kama farasi anayepanda mlima."
"Ni mafua," nikasema.

Zbyněk alikuwa kando, sikio zima limenielekea.
Hakucheka. Aliinama,
akafunga vifungo vya kasha langu
kabla ya vya kasha lake.

Kesho tuko Přerov.
Wanasema ukumbi wa huko una joto.
Itabidi nitafute kisingizio kingine.